Huyu Hakai

Kwa Mama Sponji huingii tu ukaanza kueleza shida za kochi lako. Utaambiwa kwanza, "Kaa nikuone." Unakaa. Yeye anasimama pembeni, mkasi mkononi, miwani imeteleza mpaka nchani mwa pua, anakutazama kuanzia magoti kushuka chini, halafu kuanzia magoti kupanda juu. Uso wako hana habari nao. Akishamaliza ndiyo anasema, "Enhe, lete habari."

Mama Sponji ni fundi wa makochi, na karakana yake imebanwa kati ya duka la vioo na kibanda cha fotokopi. Ukipita nje unaona sponji zimesimamishwa ukutani kama mikate mikubwa ya njano, unasikia cherehani inanguruma, na unamsikia mwenyewe akiisema vibaya cherehani hiyo. Miaka ishirini na sita yuko pale pale. Watoto waliokuja na mama zao wakirukaruka juu ya makochi mapya sasa wanakuja na watoto wao, na bado wanaambiwa kaa nikuone.

Ukiacha benchi la watu watatu, kiti cha kukalia ni kimoja, kwake kinaitwa kiti cha mtihani. Mbao tupu. Hakina sponji, hakina mto, kina miguu minne na egemeo basi. Yeye anasema sponji inaficha mambo, mbao haifichi.

Na siyo mbwembwe, kuna sababu ya kazi kabisa. Mtu anayeegemea kushoto ataila sponji ya kushoto mpaka iwe chapati, kwa hiyo kushoto unamwekea ngumu. Mtu anayejitupa kama gunia la viazi unamwongezea mikanda chini. Anayekunja mguu mmoja na kuukalia, huyo kitambaa chake kitachanika pembeni kabla ya mwaka. Hivyo ndivyo kochi linavyopimwa, siyo kwa futi peke yake. Lakini sasa, ukitazama watu wanavyokaa kwa miaka ishirini na sita, utaanza kuona na mambo ambayo hukuulizwa.

Mwanamke akikaa na mkoba mapajani, kaushika kwa mikono miwili, huyo hajaamua. Usikate kitambaa, kesho atarudi na rangi nyingine. Mwanaume akitanua miguu mpaka benchi la watu watatu likawa lake peke yake, usimwogope, huyo nyumbani kwake anakaa pembeni. Anayekalia mikono yake ana neno analizuia. Anayezungusha kifundo cha mguu anasikiliza kitu kingine, wewe unaongea na ukuta. Na anayekaa kwenye ncha ya kiti, tako moja ndani, tako moja nje, huyo ndiyo wa kumwangalia vizuri. Huyo roho yake iko mlangoni. Mwili umekuja kusalimia tu.

Jina lake lilipaa kwa sababu ya mume na mke fulani. Walikuja kuagiza kochi la watu watatu. Mume akakaa mwanzo wa benchi, mke akakaa mwisho, katikati pale ungeweza kuegesha baiskeli, na vidole vya miguu vya kila mmoja vinaangalia upande wake. Mama Sponji akawashauri wachukue makochi mawili ya mtu mmoja mmoja, ni rahisi kubeba. Wakanuna wakaondoka. Haikupita miezi miwili mume akarudi peke yake, akataka moja.

Mtaa mzima ukashika kichwa. Wakaanza kumwita daktari wa makalio, kwa kumteta bila shaka, na alijua vizuri tu ni nani wanaomwita hivyo, kwa sababu wakija karakana walikuwa wanakaa na aibu.

Basi, mambo yakaenda hivyo mpaka mkono wake wa kulia ulipogoma.

Kazi ya makochi ni kuvuta. Unavuta kitambaa mpaka kinalia kama ngoma, unakishikilia hapo hapo, unapiga pini. Unavuta tena. Miaka ishirini na sita ya kuvuta, kifundo cha mkono kikasema mimi basi. Asubuhi alikuwa anafungua chupa ya chai kwa meno. Daktari wa zahanati akamwambia apumzishe huo mkono wiki sita, na wiki ile ile, zahanati ile ile, katibu wake akamletea viti arobaini vya ukumbi wa wagonjwa. Yaani mkono mmoja unakukataza na mkono mwingine unakukabidhi.

Katibu akaeleza vizuri. Ukumbi mpya unafunguliwa mwisho wa mwezi. Viti viwe tayari, la sivyo atavihamishia kwa fundi mwingine, pamoja na vya jengo la pili vitakavyofuata. Mama Sponji hakubishana. Jioni akamwambia mumewe, bila kulia wala nini, kwamba fundi akinyang'anywa kazi mkononi watu hawaulizi mkono uliumwa au haukuumwa. Wakivichukua hivi, yeye anafunga mlango wa karakana na haufungui tena.

Alichohitaji ni mtu. Siyo mtu wa kupita, mtu wa kukaa. Maana alishapata watatu na wote wakapotea. Wa kwanza alipata kazi dukani. Wa pili aliolewa akahama. Wa tatu hakuaga, aliacha tu kupokea simu. Ujumbe unaonyesha tiki mbili za bluu, kasoma, kimya. Mama Sponji alisema wote watatu aliwaona mapema jinsi walivyokaa, ila aliwahurumia. Safari hii hahurumii mtu.

Na hapa kuna jambo la lugha yetu wenyewe. Kukaa ni kukaa. Unakaa kwenye kiti, unakaa kwenye nyumba, unakaa kwenye kazi, neno ni hilo hilo moja. Mama Sponji hakuona kwa nini alitenganishe.

Dada wa fotokopi ndiye aliyemtajia Zipu. Zipu ni mshonaji wa mabegi kule sokoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na ameitwa hivyo kwa sababu anakubadilishia zipu ya begi ukiwa umesimama, begi lenyewe bado liko begani. Alikuja na mto mdogo alioushona kama mfano wa kazi yake. Mama Sponji akauvuta mshono kwa vidole, akauvuta kwa meno, mshono haukulia. Akaupeleka mwangani, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Moyoni akasema, mikono ipo. Bado kukaa.

Sasa karakana ilikuwa imejaa viti vya zahanati mpaka darini, na kiti cha mtihani kiko chini ya vyote kama mtu aliyelaliwa. Ikabidi mtihani uhamie nyumbani.

Sebule ya Mama Sponji ina vya kukalia vitatu. Kuna kiti cha plastiki dirishani, hicho ni cha mumewe. Kuna stuli karibu na cherehani ya nyumbani, hiyo ni ya kwake mwenyewe. Halafu kuna kochi la mgeni. Alilitengeneza kwa mikono yake miaka kumi na moja iliyopita, rangi ya damu ya mzee, mikono ya mbao iliyochongwa, na juu yake katandika kitambaa cheupe cha kufuma. Hakuna mtu wa nyumba ile anayelikalia. Ni la mgeni, na mgeni ni mgeni.

Zipu akakaribishwa hapo. Mama Sponji akageuka kummiminia chai, kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ilichukua muda. Alipogeuka tena na kikombe, akamkuta Zipu yuko kwenye ncha ya kochi. Tako moja ndani, tako moja nje. Miguu yote miwili inaangalia mlango.

Mama Sponji akaweka kikombe mezani taratibu kama mtu aliyeletewa barua.

Hata hivyo akaendelea na maswali, maana haki ni haki. Akauliza ameshona miaka mingapi, akaambiwa tisa. Akauliza kama anaweza kushika bunduki ya pini, akaambiwa ameishika kwenye viti vya magari. Akauliza kwa nini anaacha soko, akaambiwa paa la sehemu yake linavuja na cherehani inapata kutu. Majibu yote mazuri, hakuna la kupinga. Lakini mwili sasa. Zipu alihamia upande wa kulia, akahamia wa kushoto. Alisimama kuangalia picha ya ukutani ambayo haina kitu cha kuangaliwa, ni kalenda. Akakaa tena, polepole, kama anayeingia kwenye maji baridi. Akasimama kumsaidia mama kuondoa kikombe ambacho bado kina chai. Paji la uso lilikuwa na jasho na mdomo ulikuwa na tabasamu, na vitu hivyo viwili kwenye uso mmoja Mama Sponji hakuvipenda hata kidogo. Dakika arobaini zikaenda hivyo. Zipu akaaga.

Mlango ulipofungwa tu, hukumu ikatoka.

"Huyu hakai," akasema Mama Sponji.

Mumewe alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki muda wote. Mtaani wanamwita Mzee Taratibu. Alikuwa mpiga chapa kiwandani mpaka alipostaafu, na ni mtu ambaye sentensi akiianza asubuhi unaipata mchana, ukiwa na subira.

"Hakai kwenye kiti," akauliza, "au hakai kazini?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Hapana, nilikuwa nasema... hilo kochi nalo..."

"Kochi lina nini? Kochi nimelitengeneza mwenyewe."

Mzee Taratibu akafunga mdomo. Akarudi kwenye dirisha lake.

Kuandika ujumbe kwa mkono wa kushoto kungemaliza siku nzima, kwa hiyo Mama Sponji alituma sauti. Alimwambia Zipu kwamba mikono yake ni mizuri sana, ila ameona hatakaa, na ni bora wasipotezeane muda. Tiki zikawa za bluu. Jibu likaja fupi: "Sawa mama. Asante kwa chai." Mama Sponji akalisoma mara mbili. Mtu anayeondoka, alijiambia, huwa hata habishi.

Akaanza viti arobaini peke yake.

Siku tano, viti kumi na kimoja. Siku ya sita mkono ulivimba mpaka pete ikakataa kutoka. Daktari akaufunga bandeji kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko. Mchana huo huo katibu akapita karakana kuangalia maendeleo. Akakaa kwenye kimoja cha vile kumi na kimoja, mikono imefungwa kifuani, mguu juu ya mguu, mgongo mbali. Aliongea kwa upole, akampa pole ya mkono. Mama Sponji hakuhitaji upole wake, alikuwa ameshamsoma: huyu ameshaongea na fundi mwingine. Na hapo alisoma sawa, kwa sababu katibu mwenyewe alipofika mlangoni aligeuka akamwambia kwamba Jumatatu ijayo, asipoona tofauti, gari litakuja kuvichukua.

Akarudi nyumbani mapema, jua bado liko juu. Stuli yake ilikuwa imebebeshwa jora la kitambaa cha zahanati, huwezi kulihamisha kwa mkono mmoja. Mzee Taratibu yuko kwenye plastiki yake, anasinzia. Miguu ilikuwa imechoka. Kwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja, Mama Sponji akakalia kochi la mgeni.

Alikaa vizuri, kwa kujiachia, kama mtu aliyechoka anavyokaa. Na pale pale kikamchoma.

Hakupiga kelele. Alisogea mbele kidogo. Kikamfuata. Akaenda kulia, hapo pana shimo, unazama. Akaenda kushoto, hapo pana kitu kama kidole cha chuma kinakuuliza unakwenda wapi. Akasogea tena mbele, tena, mpaka akapata sehemu ambayo haiumi, upana wake kama kiganja, kwenye ncha kabisa ya kochi. Ili asianguke ikabidi apeleke miguu upande. Upande wenye nafasi ulikuwa mmoja tu, upande wa mlango, maana kwingine kuna meza.

Mbele yake kulikuwa na televisheni imezimwa. Kwenye kile kioo cheusi akamwona mwanamke amekaa tako moja ndani, tako moja nje, miguu inaangalia mlango, jasho usoni. Akamtazama kwa muda. Huyu hakai, akafikiri, kwa mazoea tu, halafu ndiyo akagundua anamfikiria nani.

Akainuka akavua kile kitambaa cheupe, akapindua mto, akapasua gunia la chini kwa mkasi kwa mkono wa kushoto. Springi ilikuwa imekatika. Ncha yake imetoboa gunia, imetoboa sponji, imesimama wima kama mtoto anayejua jibu darasani.

"Mzee," akaita. "Mara ya mwisho wewe kukalia hili kochi ni lini?"

Mzee Taratibu akafungua jicho moja. Alifikiri. "Mwaka ule mdogo wangu alipokuja," akasema. "Baada ya hapo nikanunua hii plastiki."

"Ulijua linachoma?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Mama," akasema, na safari hii aliongea kwa kasi ya watu wengine, "wewe ni fundi wa makochi. Nani anaweza kukwambia kochi lako linachoma? Juzijuzi nilianza, ukaniambia umelitengeneza mwenyewe."

Kinyozi hajinyoi, wanasema, lakini kinyozi walau akijishika kichwa anajua nywele zimeota. Yeye hata kujishika hakujishika. Alisimama pale na mkasi, akaanza kuwahesabu wote waliowahi kukaa hapo. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikaa upande mmoja dakika kumi, na Mama Sponji akamwambia kila mtu kwamba mwenyekiti yule ana jambo anaficha, kiti chenyewe kinamshinda. Mama mwenye nyumba, ambaye hakumaliza hata chai. Na shemeji, mdogo wake mumewe, aliyekuja kutoka mbali na begi la nguo za wiki nzima. Jioni ya kwanza tu alikaa kwenye ncha, Mama Sponji akatangaza kwamba shemeji kaja kwa mguu mmoja, msimwekee hata shuka, huyo anaondoka. Kweli kesho yake akaondoka. Miaka mitano sasa hajarudi, na kila akitajwa Mama Sponji alikuwa anasema, si niliwaambia.

Akaichomoa ile springi, akaifunga kwenye gazeti, akaitia kikapuni. Asubuhi ya Ijumaa akaenda sokoni. Hakupiga simu. Mambo mengine ukiyatuma kwa sauti yanakuwa madogo.

Alimwona Zipu kwa mbali kabla ya kuonwa. Zipu alikuwa amekaa kwenye kreti la soda lililogeuzwa, chini ya paa lile linalovuja, anashona mkanda wa begi la shule. Nyayo zote mbili chini, zimelala kabisa. Mgongo umetulia. Watu wanapita wanamgonga mabega na mizigo, ndoo ya maji inamwagika karibu na mguu wake, mtu anagombana na mtu nyuma yake, na yeye hakutikisika hata kidogo, kama mzigo wa unga ulioshushwa asubuhi na haujapata mwenyewe. Mama Sponji alisimama akaangalia kwa dakika nzima. Katika miaka ishirini na sita alikuwa hajamwona mtu anayekaa hivyo.

Zipu akamwona, akaamkia, akageuza kreti la pili akalifuta kwa kanga ya kupangusia mafuta ya cherehani. Mama Sponji akakaa. Akafungua gazeti, akaiweka springi juu ya meza ya cherehani, katikati yao. Wote wawili wakaitazama.

"Ndiyo hii?" akauliza Zipu.

"Ndiyo hii."

"Nilidhani ni kubwa zaidi."

"Mwanangu, kwa nini hukusema?"

Zipu akakata uzi kwa meno, bila haraka. "Mama, mji mzima unajua kwako kuna kiti cha mtihani. Nikakaa, kikanichoma. Nikasema ehe, ndiyo wenyewe huu. Anapima uvumilivu. Nikilalamika nimefeli." Akacheka kidogo. "Halafu nikafeli hivyo hivyo. Nikajua labda ni kwa sababu nilisimama kuangalia kalenda."

Mama Sponji alitaka kucheka na alitaka kujificha kwenye kikapu chake, vyote kwa pamoja. Dakika arobaini. Mtu kakaa dakika arobaini juu ya chuma, anajibu maswali, anatabasamu, anashukuru kwa chai, na yeye kahukumu kwamba huyu roho yake iko mlangoni.

Akamweleza yote. Mkono, katibu, Jumatatu, gari. Kumi na kimoja vimekwisha, bado ishirini na tisa. Zipu alisikiliza huku anashona, halafu naye akasema la kwake: Jumatatu hiyo hiyo ameitwa kwenye kiwanda cha sare za shule, na ameshawaambia anakuja. Hakusema kwa kuringa. Ndivyo ilivyokuwa.

Soko likaendelea na kelele zake.

"Mama," akasema Zipu, "mbona umekaa kama unaondoka?"

Mama Sponji akajiangalia. Alikuwa kwenye ncha ya kreti, kikapu mapajani, kakishika kwa mkono mzima na ule wa bandeji. Na kreti lile halikuwa na springi ya kusingizia.

"Naogopa utakataa," akasema.

Labda hakuna kitu kingine ambacho angekisema kikafaa. Zipu akamwangalia, kuanzia magoti kushuka chini, halafu kuanzia magoti kupanda juu.

"Rudi nyuma basi ukae vizuri," akasema. "Wale wa sare nitawapigia leo. Ila naanza na lile kochi. Sifanyi kazi kwa mtu ambaye wageni wake wanaumia."

Mama Sponji akarudi nyuma. Akaweka kikapu chini.

Jumamosi asubuhi kochi la mgeni likatolewa nje, likavuliwa mpaka mifupa. Mama Sponji alielekeza, Zipu akavuta. Mikanda mipya, gunia jipya, springi zote sita zikafungwa upya kwa kamba, siyo ile moja tu, maana zile nyingine nazo zilikuwa njiani. Walipopiga pini ya mwisho Zipu akasimama pembeni, mikono kiunoni, akamwambia fundi mwenye kochi: kaa nikuone. Akakaa. Hakuna kilichomchoma. Alikaa pale muda mrefu kidogo kuliko mtihani unavyohitaji.

Halafu wakaingia kwenye vile ishirini na tisa. Jumapili hawakupumzika. Dada wa fotokopi alifunga kibanda akaja kushika kitambaa. Mzee Taratibu alipewa kazi ya kuhesabu pini, akaifanya kwa mwendo wake, lakini hakukosea hata moja. Jumatatu gari la zahanati lilipofika, katibu ndani yake, vilikuwa vimefika thelathini na vinne, na Zipu yuko juu ya cha thelathini na tano, mdomoni pini nne. Katibu akashuka, akakaa kwenye kimoja, akakaa kwenye kingine. Cha tatu alikaa akaegemea, mikono ikafunguka kutoka kifuani yenyewe, ikashuka mapajani. Mama Sponji alimwona, na hakusema kitu. Alikuwa ameanza kujifunza kunyamaza. Katibu akasema gari lirudi tupu, vilivyobaki vikiisha wampigie. Vikaisha Jumatano, siku tatu kabla ya ukumbi kufunguliwa. Vya jengo la pili vikaja mwezi uliofuata.

Mama Sponji hakuacha kusoma watu, usimdanganye mtu. Bado unaingia, bado unaambiwa kaa nikuone. Ila sasa kabla hujakaa wewe, anakaa yeye kwanza kwenye kiti hicho hicho, anajipimia, ndiyo anakupisha. Na Zipu yuko pale kwenye cherehani, mwaka wa pili huu, nyayo zimelala chini.

Bado kulikuwa na deni moja la maneno. Simu kwa shemeji aliipiga mwenyewe, akaongea naye zaidi kuliko miaka yote mitano. Akamwomba radhi ya kochi. Shemeji alikuja na begi dogo tu, inaonekana hakuwa na uhakika. Alipoonyeshwa pa kukaa alishuka polepole, kwa adabu ya mtu anayekumbuka, akagusa ncha kwanza. Akasubiri. Akarudi nyuma kidogo, akasubiri tena. Akarudi mpaka mgongo ukagusa egemeo, akatoa pumzi, na kabla chai haijafika alikuwa amelala, mdomo wazi, miguu imenyooka katikati ya sebule, huwezi kupita.

Mzee Taratibu alimtazama mdogo wake kutoka kwenye plastiki yake. Alianza sentensi. Mama Sponji safari hii akasubiri mpaka iishe.

"Huyu," akasema mzee, "sasa huyu... anakaa."

Akakaa kweli. Alikaa wiki tatu, akaazima nguo za kaka yake, na ilibidi Mama Sponji mwenyewe aanze kumwekea begi lake karibu na mlango.